Maua Tuliyofuma Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa uzi. Masera Direktrisi, ndivyo tulivyomwita mtawa aliyesimamia chumba cha kazi za mikono pale misioni ya Kasongo, alinipokea mlangoni, akageuza mikono yangu juu na chini kama mtu anayechagua viazi sokoni, kisha akasema, "Nenda ukanawe." Nikanawa. Akaitazama tena. "Bado. Rudi." Nilikuwa nimetoka kumenya mihogo na mama, na weusi wa maganda ulikuwa umeingia kwenye kucha. Nilisugua mpaka vidole vikasinyaa. Baba yangu, seremala wa misioni, ndiye aliyenileta. Alisimama nje na kofia mkononi, akijifanya anakagua bawaba za mlango ambazo alikuwa amezifunga mwenyewe.

Ninyi mnaosoma leo mnanunua blanketi dukani, tena lililotengenezwa na mashine. Nataka mjue kazi ile ilivyofanywa na mikono wakati wa Wabelgiji, na watu niliofanya nao. Maana kazi yenyewe ninaikumbuka, lakini watu ndio wanaonisumbua moyo.

Chumba chetu tulikiita uvuwari, kwa neno la Kifaransa la masera. Kilikuwa kirefu, chenye sakafu ya saruji na madirisha yanayotazama bustani ya kabichi. Benchi mbili zilielekeana, wasichana na akina mama wakiwa na vikapu miguuni. Mwalimu wetu, monitrisi, alikuwa Mama Veronika, mjane kutoka Nyangwe. Alikuwa amekulia katika nyumba ya wavuvi, akashona nyavu na ndugu zake kabla hajajua kusoma, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mwanamume. Ukimwona akishika uzi mwembamba ungedhani ataukata. Hakuukata kamwe.

Kazi aliyonipa mwanzoni ilikuwa kufumua. Vipande vyote vilivyoharibiwa na wanafunzi wengine vililetwa kwangu, nami nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta, nikakunja upya kuwa donge. Nilichukia sana. Siku moja nikamwambia, "Mama, mimi nilikuja kujifunza kufuma, siyo kubomoa."

"Unajifunza," akasema bila kuinua macho. "Ukijua fundo linavyofunguka, utajua linavyokaa."

Kifaa chenyewe tulikiita kroshe: kijiti cha chuma chembamba chenye ndoano ndogo kwenye ncha. Zilipovunjika, baba alitutengenezea nyingine kwa waya wa gurudumu la kinga, hii mnayoiita baiskeli. Aliikunja ncha kwa koleo, akaisugua na msasa mpaka isikwaruze uzi. Kroshe za baba zilikuwa fupi kuliko za Bulaya, yaani Ulaya, lakini Mama Veronika alizipenda, akisema zinakaa vizuri kiganjani.

Kwanza unajifunza mnyororo, vitanzi vinavyovutana kimoja ndani ya kingine. Kisha kitanzi kifupi. Kisha bridi, yaani kitanzi kirefu, ambacho kabla ya kukivuta unazungusha uzi kwenye kroshe. Ukishajua hayo matatu umejua karibu kila kitu, kilichobaki ni kichwa chako. Mimi nilitaka kufika kwenye ua. Ukutani kulikuwa na blanketi moja la mfano, limefumwa na Mama Veronika, na maua yake hayakulala bapa. Yalisimama, jani juu ya jani, kama yamechanua asubuhi ile.

Nitaeleza ua lile, maana sijui kama kuna mtu mwingine atawaeleza. Unaanza na duara dogo la mnyororo. Juu yake unaweka vidaraja, yaani minyororo mifupi iliyoshikwa kwenye ncha zote mbili na kuachwa wazi katikati. Kila kidaraja unakijaza vitanzi, vifupi pembeni na virefu katikati, mpaka kivimbe na kuwa jani la ua. Hapo umepata tabaka la kwanza. Sasa unaligeuza, na nyuma ya majani yale unajenga vidaraja vingine, virefu zaidi kidogo. Ukivijaza, majani ya pili yanatokeza katika nafasi za yale ya kwanza. Halafu tabaka la tatu vilevile. Vidaraja vya nyuma kabisa huvijazi majani. Unavizungushia bridi na kuongeza kwenye pembe, mpaka duara lipate kona nne. Kipande hicho cha mraba tulikiita karo. Ukiunganisha makaro mengi unapata blanketi.

Mama Veronika alikuwa akipita nyuma ya benchi, anachukua ua la mtu, anabonyeza kwa nyuma. "Watu wataangalia mbele," alituambia. "Ninyi angalieni nyuma. Nyuma ikilegea, ua linalala."

Nilikaa naye misimu mingi ya mvua, mpaka nikaanza kuwafundisha wapya. Ndipo Masera Direktrisi aliponiita mbele ya baba. "Kabambare kule, materniti iko na wamama wengi," alisema kwa Kiswahili chake cha haraka, "na hakuna mutu wa kufundisha. Huyu ataenda."

Baba alizungusha kofia. "Masera, huyu hajaolewa."

"Ndiyo. Ndiyo maana iko na nafasi."

Mama alilia, akanifungia unga, chumvi na kitenge chake kizuri. Mama Veronika alinipa kroshe yake moja ya Bulaya, akasema tu, "Usiwafundishe kufuma haraka." Nilisafiri juu ya kamiyo, yaani lori, iliyobeba magunia matupu ya pamba. Tulilala njiani, Wamaza, kwa jamaa ya dereva, na kesho yake nikashuka Kabambare, nywele zimejaa vumbi jekundu, sijui mtu hata mmoja.

Mkubwa wangu mpya, mtawa aliyesimamia hospitali ya wazazi, tulimwita Masera wa Materniti. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alinipeleka moja kwa moja kwenye wodi ya wazazi, akanionyesha watoto wachanga waliofunikwa nguo nyepesi.

"Kiangazi, asubuhi ukungu, baridi," alisema. "Mutoto mudogo anakufa na baridi, siyo homa tu. Mimi sitaki kitambaa cha kuweka juu ya meza. Nataka blanketi. Unasikia?"

"Ninasikia, Masera."

"Na maua?" nikauliza baadaye, kwa woga.

Akajibu, "Kama maua inaleta wamama hapa, weka maua."

Sufu mpya hatukuwa nayo. Tulipata kasha la trikoti kuukuu kutoka Bulaya, zile fulana nzito za baridi ambazo watu wa kule walikuwa wameshazichoka. Nyingine zilikuwa na matundu viwikoni. Hapo nikamshukuru Mama Veronika kwa moyo wote, maana kazi ya kwanza ilikuwa kufumua. Tulifumua, tukazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, tukaufua, tukautundika na jiwe chini yake ili mikunjo inyooke. Rangi zilikuja zilivyokuja: kahawia, kijani cha zamani, nyekundu iliyopauka, bluu ya watoto wa shule.

Akina mama walikuja kidogo kidogo, Wakristo na Waislamu, wenye mimba na walionyonyesha. Waume wengine hawakutaka. Shamba la pamba lilikuwa la lazima, na mkaguzi alipopita hakuuliza mke yuko wapi, aliuliza kwa nini magugu yako hapa. Mwanamke aliyekuja kukaa kwetu mchana ilibidi awe ameshamaliza mistari yake shambani. Walikuja na matope miguuni. Waliosha mikono bila kuambiwa mara mbili.

Mwamini hakuingia siku ya kwanza. Alisimama dirishani, kichwa kimefunikwa leso, akitazama ua mkononi mwangu. Nilimkaribisha, akakataa. Kisha akauliza:

"Monitrisi, ile ua iko na ngapi chini yake?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuanza kwa swali hilo. Wote huona jani la juu. Nikamgeuzia ua, nikamwonyesha tabaka la nyuma na la nyuma yake. Akaingia.

Alikuwa Mbangubangu, mke wa Asumani, mkulima mpole wa kitongoji cha karibu. Alikuwa amenizidi umri, ndiyo maana nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye akaacha kuniita monitrisi, akaniita mudogo wangu. Mikeka aliyosuka ilitafutwa mpaka Lusangi. Watoto wawili alikuwa amewazaa, na wote wawili hawakufikisha arobaini. Haya niliambiwa na wengine. Yeye mwenyewe aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunja uzi, mimi nimeshika kiti, yeye anazungusha: "Wa pili alikuwa na nywele nyingi sana." Akaendelea kuzungusha.

Alijifunza upesi, kisha akaanza kunifundisha. Mimi nilikuwa nimezoea ua la rangi moja, kama la Mama Veronika. Mwamini aliweka mezani madonge ya trikoti kuukuu, akachagua kama anayechagua majani ya mkeka. "Weusi ukae nyuma," alisema. "Katikati hii kahawia. Mbele hii iliyopauka. Giza ikiwa chini, macho inaingia ndani." Nikafuma alivyosema. Ua likawa na kina, kama ukichungulia ndani ya chungu. Tangu siku ile maua ya Kabambare yalifumwa hivyo, na Masera wa Materniti, asiyesifu kitu, alisimama mbele ya blanketi la kwanza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Tuliketi tukielekeana kila alasiri. Alinyoosha mkono, akachukua karo langu bila kuomba, akaligeuza, akabonyeza nyuma kwa dole gumba. "Hapa umevuta sana, mudogo wangu. Angalia, linakunja uso." Nilifumua. Kesho yake nami nikachukua lake, nikatafuta kosa kwa bidii, na nilipolipata tulicheka mpaka Masera akagonga ukuta. Nimekaa na watu wengi maishani. Sijui kama nimewahi kukaa na mtu vile.

Kisha Mwamini akapata mimba. Hakusema, nami sikuuliza. Niliona tu anasogeza kikapu mbali kidogo na tumbo.

Wakati huohuo Madame, mke wa administrateri, yaani mtawala wa Kibelgiji wa wilaya, alikuja kutembelea materniti na kuona blanketi letu kwenye kitanda cha mzazi. Aliinama akalishika. Wiki iliyofuata alileta sufu mpya kabisa, nyeupe, waridi na kijani kibichi, laini kuliko yoyote tuliyowahi kugusa. Alikuwa anajiandaa kwenda likizo kwao, na alitaka blanketi kubwa la kitanda la kupeleka kwa mama yake. "Munaweza?" aliuliza. Masera alinitazama. Nikasema tunaweza.

Tulilifuma mwezi wote. Makaro mengi ya katikati yalikuwa ya Mwamini, maana hakuna aliyeweza kuyafanya maua yasimame kama yake. Lilipokwisha tulilitandaza kwenye nyasi nje, tukalizunguka. Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu alivua viatu kabla ya kulisogelea. Nikalikunja, nikalifungia kabatini, likisubiri Madame alichukue kesho yake.

Mchana wa siku ileile Mwamini alishikwa na uchungu, kabla ya wakati wake. Asumani alimleta kwenye kinga, amemkalisha nyuma, yeye mwenyewe akisukuma kwa miguu. Mtoto alizaliwa kabla jua halijashuka. Msichana, mdogo mno, ngozi nyembamba mpaka unaona mishipa. Alilia kama paka mchanga, kisha akaacha. Mablanketi yote ya wodi yalikuwa yamechemshwa asubuhi ile kwa sababu ya upele, na bado yalikuwa yanachuruzika kwenye kamba. Yale tuliyokuwa tumefuma yalikuwa yamekwenda vijijini na wenyewe.

Masera alimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akajaza chupa maji ya moto. Bila kugeuka akasema, "Sufu. Kubwa, nyepesi, kavu. Sasa hivi."

Nilisimama mbele ya kabati. Sikusimama muda mrefu. Niliporudi na lile blanketi mikononi, Masera aligeuka akaliona.

"Unajua hii iko ya nani?"

"Ninajua, Masera."

"Basi fungua."

Tukawafunika wote wawili, likakunjwa mara nne juu yao. Mwamini alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulitembea juu ya sufu, ukapata ua, ukaingia nyuma ya majani, ukabaki pale. "Hii siyo yetu," alisema kwa sauti ndogo. "Kaa kimya, yaya," nikamwambia. "Upashe mutoto moto."

Asubuhi mtoto alikuwa hai. Rangi yake ilikuwa imebadilika, na alikuwa ameanza kutafuta titi kwa mdomo. Ndipo tukasikia gari la Madame.

Yeye na Masera walisemezana Kifaransa mlangoni. Nilielewa maneno machache, lakini sura nilizielewa zote. Madame alipandisha sauti. Masera hakupandisha. Akamshika kiwiko, akamwingiza wodini mpaka kwenye kitanda. Madame alisimama pale akitazama. Blanketi lilikuwa na damu upande mmoja, na maziwa. Alinyoosha mkono nikadhani atalivuta. Aligusa ua moja la pembeni, akalinyoosha jani lililokunjika, akageuka akatoka. Gari likaondoka.

Sitasema alikuwa mbaya, wala sitasema moyo wake ulilainika. Sijui. Ninachojua ni kwamba baada ya siku chache Masera aliitwa ofisini kwa administrateri, akarudi akitembea haraka kama kawaida, akaniita kwenye chumba cha dawa.

"Uvuwari ya hapa inafungwa," alisema. "Wewe utarudi Kasongo na kamiyo ya kwanza." Akafuta miwani kwa aproni. "Mimi ningefanya tena. Na wewe?"

"Hata mimi, Masera."

"Vizuri. Nenda ufunge vitu."

Madame alikwenda likizo bila kuliulizia tena blanketi, na Masera alilifua mwenyewe akampa Mwamini. Mtoto walimpa jina la mama yake Asumani, Zaina, ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Nilimpakata asubuhi ya safari. Mwamini alinisindikiza hadi barabarani ingawa hakupaswa kutembea bado. Alichukua kikapu changu, akatoa karo nililokuwa nimeanza, akaligeuza.

"Nyuma iko sawa," akasema.

Kamiyo ikaondoka.

Kasongo nilirudi kwenye benchi yangu. Mama Veronika macho yalimpungua, nikachukua nafasi yake, na wasichana wengi walipita mikononi mwangu. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume. Madereva wa kamiyo walinipelekea salamu Kabambare na kuniletea majibu: Zaina anatembea, Zaina ana mdogo wake, samaki huyu ametoka kwa yaya wako. Kisha uhuru ukaja, masera wengi wakaondoka, na miaka iliyofuata, kwa sababu ya vita, barabara haikuwa ya mtu kusafiri wala salamu kupita. Ilipofunguka nilikwenda. Mahali pa nyumba ya Asumani palikuwa pamelimwa karanga. Jirani aliniambia walihama wote na watoto wao kuelekea ziwani, wakiwa wazima. Kijiji gani, hakujua. Nilikaa kidogo ukingoni mwa shamba lile la karanga, kisha nikatafuta gari la kurudi.

Nimestaafu sasa. Vidole vimekakamaa, lakini jua likipanda bado vinafunguka, nami nafuma. Maua yangu ninayafuma giza likiwa nyuma, rangi iliyopauka mbele. Nyumba yangu haina upweke. Wajukuu wanaingia na kutoka, wanachukua kazi yangu mkononi, wanaitazama upande wa mbele, wanasema, "Bibi, nzuri sana!" Ni watoto wema, na ninawapenda.

Lakini juzi nilivuta uzi vibaya, ua likakunja uso, nikaliona mwenyewe. Nikaliacha makusudi juu ya meza siku nzima. Wote walipita, wote walilisifu, hakuna aliyeligeuza.